Namna ya Kutafuta Tiba na Msaada kwa Mtu Anayeishi na ADHD

Kutafuta tiba ya ADHD, yaani hali ya ubongo inayoleta ukosefu wa umakini, utukutu na papara, ni kazi inayodai mambo yaleyale ambayo hali yenyewe huyapunguza: kupiga simu kwa wakati, kujaza fomu ndefu, kukumbuka miadi na kuvumilia foleni ya miezi. Kwa sababu hiyo wengi huanza, huishia njiani, kisha hujiita wavivu. Ni vyema basi utafutaji wenyewe upangwe kwa namna ambayo mtu mwenye ADHD anaweza kuumaliza.

Kwanza mwombe mtu mmoja wa karibu, awe mwenza, ndugu au rafiki, akusindikize katika shughuli za makaratasi. Halazimiki kuijua ADHD. Kazi yake ni kuketi nawe unapopiga simu na kukuuliza mwisho wa wiki fomu imefikia wapi. Pili, tumia daftari moja tu, na kwa kila mtaalamu uandike tarehe uliyowasiliana naye, alichojibu na hatua inayofuata. Ukijikuta umeandika "kutafuta mtaalamu" katika orodha ya kazi zako, ifute, kwa kuwa hiyo ni kazi nyingi zilizofichwa chini ya jina moja. Badala yake andika: "Jumanne saa nne asubuhi, kupiga simu kliniki na kuuliza kama wanawapima watu wazima." Kazi iliyoandikwa hivyo ina siku, saa na mwisho unaoonekana.

Uchunguzi

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Mtaalamu hutegemea mahojiano, madodoso, historia ya utotoni na, inapowezekana, maelezo ya mtu mwingine anayekufahamu. Vigezo vilivyotolewa na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 2013 vinataka dalili kadhaa ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinavuruga maisha kweli. Mtoto huhitaji dalili 6 za kundi la kukosa umakini au za kundi la utukutu na papara, ilhali kuanzia miaka 17 zinatosha 5.

Vigezo hivyo vinakuonyesha cha kubeba. Tafuta ripoti za zamani za shule, hasa maoni ya walimu, maana sentensi kama "ana akili lakini hamalizi kazi" humsaidia mtaalamu kuliko alama za mitihani. Muulize mzazi au dada mkubwa ulivyokuwa ukiwa darasa la pili au la tatu, uandike majibu yake. Ongeza mifano ya miezi ya karibuni: bili iliyolipwa kwa faini ilhali pesa zilikuwepo, au sufuria iliyoungua ukiwa chumba cha pili. Unaweza pia kujaza dodoso la maswali 18 kwa watu wazima lililotayarishwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ambalo maswali yake 6 ya kwanza hutumika kuchuja. Lichukulie kuwa sababu ya kwenda kupimwa, wala usilifanye jibu.

Mchunguzi makini atauliza pia kuhusu usingizi, tezi ya shingo, wasiwasi, sonona na matumizi ya vileo, kwa kuwa mambo hayo yanaweza kufanana na ADHD au kuishi nayo bega kwa bega. Anayekupa jibu baada ya dakika kumi bila kugusa utoto wako anastahili kutiliwa shaka, sawa na yule anayekukatalia kwa hoja kwamba ulifaulu shule. Wanawake wawe macho hapa, kwa sababu msichana aliyekuwa akiota ndoto za mchana dawati la nyuma bila kumsumbua mtu ndiye aliyepitwa kirahisi.

Tiba ya mazungumzo

Daktari wa magonjwa ya akili hutambua hali na kuandika dawa. Mwanasaikolojia hupima na kuendesha tiba ya mazungumzo. Makocha wa ADHD nao wapo, na baadhi yao ni hodari, ila katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita kocha, hivyo uliza amefunzwa wapi na nani humsimamia.

Kwa watu wazima, tiba ya mazungumzo iliyofanyiwa utafiti zaidi ni tiba ya utambuzi na tabia (CBT), yaani ile ya kubadili mawazo na mazoea, iliyorekebishwa kwa ajili ya ADHD. Neno "iliyorekebishwa" lina uzito, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi hupoteza muda na fedha. Mtu mwenye ADHD kwa kawaida anajua anachopaswa kufanya. Kinachomshinda ni kukifanya wakati wake ukifika. Tiba inayozidi kumweleza umuhimu wa ratiba, au inayochambua maisha yake ya nyuma peke yake, humwacha akijielewa vizuri zaidi huku kazi zikiendelea kulala.

Tuseme umefika kwenye kikao na ripoti ya kazini imechelewa kwa wiki mbili. Mtaalamu anayeifahamu hali hii atakusikiliza, kisha huenda akakwambia ufungue kompyuta palepale, mtafute pamoja hatua iliyo ndogo kiasi cha kuanza nayo, labda kuandika kichwa cha habari tu, muamue utaiendeleza wapi na saa ngapi, na kengele itegwe kwenye simu kabla hujatoka mlangoni. Wiki inayofuata atauliza mpango ulikwama wapi. Ikiwa haukufanya kazi, kinachobadilishwa ni mpango, na mtu halaumiwi.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka miadi uliza maswali machache ya moja kwa moja. Amewatibu watu wazima wangapi wenye ADHD? Mteja hufanya nini kati ya kikao na kikao? Hufanyaje mteja asipotimiza alichopewa, au akisahau miadi? Jibu la swali la mwisho ndilo litakalokufunza zaidi, maana anayesema "basi hajawa tayari kubadilika" bado hajaielewa hali anayotaka kuitibu.

Pamoja na hayo, miaka ya kukaripiwa huacha aibu, na tiba nzuri hutenga nafasi ya kuizungumza. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri foleni ya ADHD. Nenda kwenye huduma ya dharura siku hiyohiyo.

Dawa

Dawa za kuchangamsha ubongo, yaani methilifenideti na zile za jamii ya amfetamini, zimetumika kwa miongo mingi, na kwa wengi athari yake huonekana siku ileile. Atomoksetini, isiyo ya kundi hilo, huhitaji wiki kadhaa. Daktari anapaswa kuuliza historia ya moyo katika familia, kupima shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito, kisha kurudia vipimo hivyo wakati kipimo cha dawa kinaporekebishwa. Usimeze kamwe dawa ya mtu mwingine. Dawa ikikufaa itakupa nafasi ya kutenda, lakini ratiba bado utaipanga mwenyewe.

Watoto

Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 na ule wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 yote inatanguliza mafunzo ya wazazi kabla ya dawa. Mzazi asione kwamba anatuhumiwa malezi mabaya. ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa, na si ajabu mzazi kujitambua mwenyewe akiwa kwenye chumba cha kusubiri cha mwanawe.

Msaada nje ya kliniki

Vikundi vya kusaidiana hujaza pengo ambalo kikao cha saa moja hakiwezi kulijaza. Nchini Marekani shirika la CHADD limekuwa likiwaunganisha wazazi na watu wazima wenye ADHD tangu mwaka 1987, na vyama vya namna hiyo vipo katika nchi nyingine kadhaa. Kikundi kinachouza virutubisho au kinachowacheka wanaomeza dawa, kihame. Kizuri kitakupa hata mtu wa kufanya kazi mbele yake: kila mmoja anashughulika na lake, kimya, ana kwa ana au kwa video, na kule kuonekana tu kunatosha kukuweka kitini.

Kazini na chuoni omba vitu mahususi, kama maagizo kwa maandishi au chumba tulivu cha mtihani. Gharama zikikuelemea, ulizia vikao vya kikundi, au kliniki za vyuo vikuu ambako wanafunzi wa saikolojia hutibu chini ya usimamizi.

Baada ya vikao sita hivi, chukua jambo moja ulilolitaja siku ya kwanza, mathalani kulipa bili kwa wakati, uangalie kama kuna tofauti. Ikiwa hakuna, mwambie mtaalamu waziwazi mbadilishe njia; na ukiamua kuhama, omba muhtasari wa maandishi wa uchunguzi na tiba, ili anayefuata asikuanzishe upya.