Namna ya Kuandaa Shukrani ya Familia Kanisani

Shukrani kwa Mungu huanza kwa kulitaja jambo lenyewe. Anayesimama mbele ya waumini akasema tu kwamba anamshukuru Mungu kwa yote hajakosea, lakini hajawapa wenzake cha kumtukuzia Mungu pamoja naye. Zaburi ya 136 ina mistari 26 yenye kiitikio kilekile, "Kwa maana fadhili zake ni za milele", na bado mwandishi wake hachoki kutaja matendo: mbingu zilizofanywa, Bahari ya Shamu iliyogawanywa, chakula wanachopewa wote wenye mwili.

Basi siku chache kabla ya ibada, kaeni jioni kama familia, kila mmoja ataje jambo lake, watoto wakiwamo, na mtu mmoja aandike. Mvuvi wa Bagamoyo asiishie kusema kwamba aliokolewa baharini. Aeleze kwamba upepo wa kusi ulivunja mlingoti wa ngalawa yake, na kwamba wenzake wa chombo kingine waliifunga kamba ngalawa hiyo wakaivuta hadi pwani. Kuwataja wenzake hao hakumpunguzii Mungu utukufu, kwa kuwa ndio aliowatumia.

Mwarifuni mchungaji au paroko mapema, kupitia mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya. Ushuhuda wa dakika tatu unatosha. Ukizidi hapo, mara nyingi msemaji huanza kujisifu, na kwaya huanza kutazama saa.

Sadaka yaweza kuwa fedha ndani ya bahasha, au nazi, mihogo na kuku, ambavyo katika sharika nyingi hunadiwa nje baada ya ibada. Msikope ili mwonekane. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mwenye malimbuko alimkabidhi kuhani kapu lake huku akisimulia jinsi Bwana alivyowatoa baba zake Misri, na furaha ya siku hiyo ilikuwa pia ya Mlawi na ya mgeni.

Sehemu ya mgeni ndiyo inayosahaulika zaidi. Walawi 7:15 inaagiza kwamba nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku iyo hiyo bila kubakizwa hadi asubuhi, na kwa maoni yangu agizo hilo lilimlazimu mtoaji kuita watu, maana nani angemaliza ng'ombe mzima na watoto wake? Wakristo wa Bagamoyo wamekuwa majirani wa Waislamu tangu Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapo mwaka 1868. Kwa hiyo, mkiandaa pilau, mwombeni jirani Mwislamu awachinjie, na muwaeleze wageni kwamba ndiye aliyechinja, ili wote wale bila shaka moyoni.

Familia iliyofiwa nayo yaweza kushukuru. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo", lakini halazimishwi mtu kukiita kifo chenyewe zawadi. Mjane anaweza kushukuru kwa miaka aliyoishi na mumewe na kwa majirani waliolala naye matangani. Asisukumwe mbele kutoa ushuhuda. Akipenda kukaa kimya, mzee wa kanisa asome maneno aliyoyaandika, mchungaji aombe kwa ufupi, na ibada iendelee.