Wekibodi saizi gani kwa mtu mzima anayeanza? Panda mizani kwanza

Swali la kwanza watu wanalouliza wakitaka ubao wa wekibodi, yaani ule unaosimama juu yake majini huku boti inakuvuta kwa kamba, ni "mimi nina futi sita, nichukue ipi?" na hapo hapo ndo wanapoanza kupotea, maana ubao haujui wewe ni mrefu kiasi gani. Unachojua ni kilo zinazoukandamiza, basi. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, jamaa mrefu mwembamba wa kilo 62 anatumia ubao mfupi kuliko mtu mfupi aliyeshiba wa kilo 90. Kwa hiyo kabla hujaanza kukagua rangi na michoro panda mizani, na tafadhali usiandike kilo zako za mwaka juzi.

Saizi inahesabiwa kwa sentimita, kutoka ncha hadi ncha. Kwa watu wazima makadirio ni hivi: ukiwa na kilo 40 mpaka 65 hivi tafuta ubao wa 130 hadi 134, ukiwa kati ya kilo 60 na 80 nenda 135 hadi 139, kilo 77 kwenda juu mpaka mia na kitu ni 140 hadi 144, na ukiwa mzito zaidi ya hapo unaingia kwenye mbao za 144 na kuendelea. Umeona zinaingiliana, ni kawaida, kila kampuni ina chati yake na chati ya ubao wenyewe ndo ya kufuata, hizi nilizokupa ni za kukutoa gizani tu.

Sasa ukijikuta katikati, labda una kilo 79 na saizi mbili zote zinakukubali, wewe unayeanza chukua kubwa. Hapa usibishane na mtu.

Sababu utaiona siku ya kwanza kwenye maji. Unaelea chali, magoti umeyakunja kifuani, ubao umeukingama mbele yako, boti inaanza kuvuta na maji yanakuja kugonga chini ya ubao. Ubao mkubwa una eneo pana la kusukumwa na maji kwa hiyo unapanda mapema, boti ikiwa bado taratibu, wewe unafuatia tu. Ubao mdogo unabaki umezama, unaburuta maji kama ndoo, boti inabidi iongeze moto na mikono yako ndo inalipa gharama yote, mara unaachia kamba na pua imejaa maji alafu unasema huu mchezo haukufai, kumbe ubao ndo haukufai. Halafu anayeanza anavutwa kwa spidi ndogo, kama kilomita 25 hadi 30 kwa saa, na kwa spidi hiyo ubao mdogo unakaa chini chini, kila wimbi linakuyumbisha.

Ila usipitilize pia. Mtu wa kilo 58 akipanda ubao wa 146 atasimama vizuri sana, shida inakuja akitaka kuegemea kingo akate kona, ubao ni mzito na unachelewa kugeuka na miguu inachoka haraka. Kubwa kidogo inatosha. Na angalia upana, mbao mbili zote zina 138 lakini moja ni pana katikati, hiyo pana inaelea zaidi na inakusamehe zaidi.

Kama mnashea ubao nyumbani au na marafiki, pimeni kwa yule mzito kati ya wanaoutumia mara kwa mara, mwepesi atavumilia ubao mkubwa, mzito hatavumilia mdogo.

Wa kebo, yaani mnaovutwa na waya wa juu badala ya boti: kamba inakuvuta kwa juu kidogo kwa hiyo kuinuka kunasaidiwa, kilo bado ndo zinachagua saizi lakini kwenu aina ya ubao ina uzito zaidi. Ubao wa kebo una tumbo gumu la kuhimili kusuguliwa na unanepa, ule wa boti ukiupitisha kwenye mabomba na vikwazo vya kutelezea vinavyowekwa majini unauharibu.

Mkunjo wa ubao, ukiutazama kwa ubavu: chagua uliopinda mfululizo toka ncha moja mpaka nyingine. Unateleza kwa ulaini na hauna maajabu. Ule wenye mikunjo mitatu unarusha juu kwa nguvu ila una breki zaidi majini, utautaka baadaye. Mapezi, yale mabawa madogo ya chini ya ubao, yaache yakae, tena marefu kidogo ni mazuri kwako, yanashika njia iliyonyooka.

Kuna saizi nyingine ambayo watu wanaisahau, ya viatu vya kwenye ubao. Vilivyo wazi vidoleni vinaingia miguu ya namba kadhaa, vya kushea chukua hivyo, vilivyofunikwa vinataka namba yako kamili. Vilowanishe kabla ya kuvaa la sivyo utapigana navyo mpaka utoke jasho. Ukishafunga jaribu kuinua kisigino, kikinyanyuka vimelegea, na vidole vikifa ganzi umekaza mno. Miguu ipane kama upana wa mabega, wa nyuma uusogeze karibu na mkia wa ubao uelekee nyuzi 0, yaani ukingame ubao moja kwa moja, wa mbele uugeuze nyuzi 15 au 20 kuelekea unakoenda. Hapo ncha ya mbele haikimbilii kuzama.

Ukinunua uliotumika, kwanza hakikisha namba ya saizi bado inasomeka, ikiwa imefutika pima mwenyewe kwa tepu, wauzaji wanakumbuka saizi inayowafaa wao. Alafu fungua skrubu za viatu uzirudishe, ikizunguka tu bila kushika basi nati ya ndani imekufa na kiatu kitakutoka ukiwa kwenye mwendo. Pita na kucha kwenye kingo zote, ukikuta ufa au sehemu inabonyea, maji yameshaingia ndani, mrudishie mwenyewe hata akipunguza bei.