Kupanga au Kumiliki Ardhi Kijijini Kusini mwa Lombok: Mwongozo kwa Mgeni

Pwani ya kusini ya kisiwa cha Lombok, mashariki ya Bali nchini Indonesia, ina vijiji kama Selong Belanak na Gerupuk ambavyo wakazi wake wengi ni Wasasak, Waislamu wanaoishi kwa uvuvi, mpunga unaotegemea mvua, tumbaku na kilimo cha mwani. Tangu uwanja wa ndege wa kimataifa ulipofunguliwa karibu na mji wa Praya mwaka 2011, na hasa tangu uwanja wa mbio za pikipiki wa Mandalika ulipoanza kutumika mwaka 2021, madalali wamekuwa wakipita vijiji hivyo wakiuza matumaini pamoja na viwanja. Anayetaka kuishi huko, au kuweka fedha zake, namshauri apange nyumba kwanza na aishi kijijini angalau msimu mmoja wa kiangazi kabla ya kuzungumza habari ya kumiliki chochote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni aina za haki juu ya ardhi. Sheria ya Msingi ya Ardhi, Na. 5 ya mwaka 1960, inawapa raia wa Indonesia peke yao, pamoja na taasisi chache zilizoainishwa na serikali, haki ya umiliki kamili iitwayo Hak Milik. Mgeni anayeruhusiwa kukaa nchini anaweza kupata Hak Pakai, yaani haki ya kutumia, ambayo kwa kanuni za mwaka 2021 hutolewa kwa miaka 30, ikaongezwa 20 na kufanywa upya kwa 30 mingine ikiwa ardhi ni ya serikali. Kwa nyumba ya kuishi, mgeni huruhusiwa kiwanja kimoja, kwa kawaida kisichozidi mita za mraba 2,000, na kila mkoa umewekewa bei ya chini ambayo nyumba ya mgeni haiwezi kushuka chini yake, hivyo kibanda cha bei nafuu cha ufukweni hakimo katika njia hii. Kampuni yenye mtaji wa kigeni iliyosajiliwa Indonesia inaweza kushika haki ya kujenga, Hak Guna Bangunan, lakini kwa kawaida inatakiwa kuonyesha uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo, na hilo si jambo la mtu anayetaka vyumba vitatu vya kupangisha wageni.

Hapo ndipo dalali huleta njia ya mkato: nunua kwa jina la mwenyeji, kisha mwandikiane pembeni kwamba mali ni yako. Usikubali, hata ukiambiwa kwamba kila mtu hufanya hivyo. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinasema kwamba tendo lolote linalomhamishia mgeni umiliki kamili, moja kwa moja au kwa mzunguko, ni batili, ardhi huangukia mikononi mwa serikali, na malipo yaliyokwisha kufanywa hayawezi kudaiwa. Aliyeoa au kuolewa na raia wa Indonesia naye awe mwangalifu, kwa sababu bila mkataba wa kutenganisha mali, ardhi aliyoipata mwenzi wake ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa ya wote wawili, na mwenzi huyo hutakiwa kuiachia ndani ya mwaka mmoja. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba uliotolewa mwaka 2016 unaruhusu mkataba huo ufungwe hata baada ya ndoa, ingawa ni salama zaidi kuufunga kabla.

Kwa hiyo njia ya wengi ni kupanga ardhi kwa miaka mingi. Bei hutajwa kwa kipimo cha are, ambacho ni mita za mraba 100, na mara nyingi mwenye shamba hutaka pango la miaka yote kwa mkupuo mmoja. Mkataba uandikwe mbele ya notari, kwa Kiindonesia pamoja na lugha unayoisoma vizuri, na ueleze wazi nani atalipa kodi ya mapato ya pango, ambayo ni asilimia 10, bei ya kuongeza muda itapatikanaje, na nini kitatokea ukifa wewe au akifa mwenye ardhi. Kifungu cha kuongeza muda kisichotaja namna ya kukokotoa bei hakina faida yoyote, kwa kuwa miaka ya mkataba, tuseme 25, ikiisha, nyumba uliyoijenga itakuwa imesimama juu ya ardhi ya mtu anayejua kwamba huna pa kwenda.

Kabla ya kutia sahihi, chunguza hati, na hapa usione haya kuchukua muda. Ardhi nyingi za vijijini ziliwahi kushikiliwa kwa karatasi za zamani tu: stakabadhi za kodi ya ardhi, nakala za daftari la kijiji, au tamko la kumiliki lenye sahihi ya mkuu wa kijiji na mashahidi, lililobandikwa stempu ya rupia 10,000. Tamko hilo lina muhuri na sura ya kiserikali, lakini linasema tu nani anakaa na kulima pale; si hatimiliki, na stakabadhi ya kodi ya ardhi nayo ni hivyo hivyo. Mwombe mwenye ardhi akuonyeshe hati iliyotolewa na idara ya taifa ya ardhi, BPN, kisha mwombe afisa wa hati za ardhi, anayeitwa PPAT, aihakiki katika ofisi ya wilaya ili ijulikane kama imewekwa rehani au ina mgogoro. Baadaye nenda shambani pamoja na mkuu wa kitongoji na majirani wa pande zote nne, mtembee mpakani na kutazama bikoni zilipo, maana ni afadhali jirani asiyeridhika aseme siku hiyo kuliko siku ya mahakama.

Uliza pia kuhusu warithi, na uulize kwa jina. Vijana wengi wa Lombok hufanya kazi Malaysia, wengine katika mashamba ya michikichi, na shamba lililopangishwa na ndugu watatu waliobaki nyumbani linaweza kudaiwa na wa nne akirudi. Sahihi za wote, pamoja na za wake au waume zao, zipatikane hata kama itabidi kusubiri miezi. Migogoro ya ardhi ya eneo la Mandalika lenyewe, iliyowafanya wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa kutoa tamko mwaka 2021, inaonyesha kwamba hata mradi wa utalii wa serikali haukukuta ardhi isiyo na wenyewe.

Kuhusu ufukwe, kanuni ya mwaka 2016 inataka ukanda wa angalau mita 100 kutoka mstari wa maji makuu kuelekea nchi kavu uhifadhiwe, hivyo kiwanja ambacho mawimbi yanagusa ua wake hakifai kujengwa nyumba. Mashamba ya mpunga yaliyolindwa nayo hayabadilishwi matumizi kwa urahisi; angalia ramani ya mipango ya wilaya, na usianze kujenga bila kibali cha ujenzi, kiitwacho PBG tangu mwaka 2021.

Je, fedha itarudi? Mimi naona bei za karibu na Mandalika zimepanda kwa kutazamia wageni ambao hawapo mwaka mzima, kwa kuwa mbio kubwa za pikipiki za MotoGP huchukua siku tatu tu. Nyumba ya wageni wanaokuja kucheza na mawimbi ina soko la kweli kuliko kiwanja kilichonunuliwa kusubiri bei ipande.

Maisha ya kila siku hayatamshangaza sana mtu wa pwani yetu: adhana, minazi, umeme wa kulipia kabla kwa namba kama LUKU, na kina mama wanaofunga mwani kwenye kamba kama wa Paje. Kuna kazi za msaragambo, na mgeni anayetoka na jembe lake huzungumziwa vizuri. Avae kwa heshima anapotoka ufukweni kuingia kijijini, na mwezi wa Ramadhani asile barabarani. Tatizo kubwa ni maji. Kusini mwa Lombok ni kukavu, visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, na kufika Septemba au Oktoba familia nyingi hununua maji ya lori, kwa hiyo onja maji ya kisima mwezi huo, si Februari.

Mwisho, tetemeko. Yale ya mwaka 2018 yaliua mamia ya watu, hasa kaskazini ya kisiwa, na nyumba za matofali zisizo na nguzo za zege na nondo ndizo zilizoanguka zaidi. Pwani ya kusini inatazama bonde refu la chini ya bahari ambalo matetemeko yake yanaweza kuleta tsunami. Tsunami ya Pangandaran, kisiwani Java, mwaka 2006 ilitanguliwa na mtikisiko ambao wengi waliuhisi kidogo tu. Kabla ya kulipa, tembea kwa miguu kutoka kwenye kiwanja hadi mlima ulio karibu ukiangalia saa, na ukipata kwamba njia inapita katika mashamba yaliyofurika, chagua kiwanja kingine.