Wimbo gani mu albamu ni singo na gani haiko: namna ya kuzihesabu

Hapa Goma ukitaka batu babishane mpaka saa ya kulala, uliza tu albamu fulani ilikuwa na singo ngapi. Mmoja atahesabu klipu zote aliziona kwa televizyo, mwingine atahesabu zile animateri wa rediyo anapigaka kila asubui, wa tatu atakuambia zote ni singo juu zote zilipendwa. Kila mtu iko na sababu yake, lakini habahesabu kintu kimoja. Naandika hii juu kuko vijana mingi banatengeneza emisyo za muziki ama orodha za kazi za msanii fulani, na hizo orodha zinatokaka na makosa mingi, na mimi inaniuma kabisa, juu mtu alitoka jasho kwa ile kazi na inafaa iandikwe vile ilikuwa.

Kwanza weka hii mu kichwa: singo haiko wimbo yenye kupendwa. Singo ni wimbo ambayo msanii na lebo yake, ile kampuni inatoaka muziki yake, baliamua kuitoa peke yake, kuitanguliza mbele ya zingine, ili batu baijue na batafute albamu. Batu banaweza kuikataa kabisa, inabaki singo. Na wimbo inaweza kuimbwa na kila mtu kutoka Birere mpaka Ndosho na isikuwe singo hata siku moja. Kwa hiyo usiulize kama ilipigwa, uliza nani aliitoa peke yake, mwaka gani, na kwa inchi gani. Mambo ya inchi batu banaisahau sana, tutaiona.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni kama wimbo ilitoka peke yake kwa soko. Zamani ilikuwa sahani ndogo ya muziki ya 45, yenye inazunguka mara 45 kwa dakika, ile orkestra za Kinshasa zilikuwa zinatolea nyimbo zao, wimbo moja upande huu na ingine upande ule. Kisha kaseti, kisha CD, leo ni faili yenye picha yake na tarehe yake. Kwa sahani, upande A njo singo na upande B inasindikiza tu, usihesabu B hata kama wewe unaipenda kushinda A. Isipokuwa kama benyewe balisema pande zote mbili ni A, sawa vile Beatles balifanya 1967 na "Penny Lane" na "Strawberry Fields Forever", pale unaandika singo moja yenye nyimbo mbili. Na angalia, hizo mbili hazikuingia mu albamu yao ya Uingereza ya mwaka ule, kwa hiyo singo inaweza kuishi bila albamu, usiilazimishe kuingia mu albamu yenye iko karibu.

Alama ya pili ni rediyo. Marekani lebo zinapangaka siku kamili ya kutuma wimbo kwa rediyo na kuomba baipige, na hiyo siku inahesabika kama siku ya singo hata kama hakuna CD yake yoyote kwa duka. Hii ilileta shida kubwa miaka ya 90, juu lebo zingine zilikataa kuuza singo ili mtu alazimike kununua albamu nzima, na chati ya Billboard Hot 100, ile orodha ya kila wiki ya nyimbo 100 za kwanza Marekani, mpaka Desemba 1998 ilikuwa inakataa wimbo yenye haiuzwe peke yake. Njo maana "Don't Speak" ya No Doubt ilikaa wiki 16 namba moja kwa chati ya rediyo ya Marekani na haikuingia mu Hot 100 ile wakati. Mtu akiangalia tu Hot 100 atasema haikukuwa singo, na atakuwa amekosea.

Alama ya tatu ni neno ya msanii ao lebo benyewe, kwa tangazo ya wakati ule. Ukipata mbili kati ya hizi tatu, andika bila woga. Ukipata moja tu, endelea kutafuta.

Sasa tuchukue albamu moja tuipasue vizuri, nachagua "Bad" ya Michael Jackson juu kila nyumba hapa inaijua. Ilitoka tarehe 31 Agosti 1987, na kwa CD ina nyimbo 11. Singo zilianza kutoka hata kabla ya albamu, "I Just Can't Stop Loving You" mu Julai 1987, kisha "Bad", "The Way You Make Me Feel", "Man in the Mirror", "Dirty Diana", hizo tano zote zilifika namba moja Marekani. Zikafuata "Another Part of Me" na "Smooth Criminal" mu 1988. Hapo tuko na saba, na Mmarekani anafunga hesabu hapo. Lakini mu 1989 balitoa zingine mbili inje ya Marekani, "Leave Me Alone" na "Liberian Girl", kwa hiyo mtu wa Ulaya atakuambia tisa, na atakuwa na haki sawasawa na yule wa saba! Sisi huku tuko mu inchi yenye haiko Marekani wala Ulaya, tunapata muziki ya pande zote, kwa hiyo mimi nashauri kuandika tisa na kuweka pembeni "mbili hazikutoka Marekani". Ukiandika namba peke yake bila inchi, umeacha kazi katikati.

Zinabaki mbili, "Just Good Friends" na "Speed Demon". Ya kwanza hakuna mtu anabishana juu yake. "Speed Demon" njo inaletaka kelele, juu iko na klipu nzuri sana ndani ya filamu Moonwalker ya 1988, na mtu aliiona na macho yake, namna gani unamuambia haiko singo? Unamuambia hivi: klipu ni kazi ya picha. "Speed Demon" haikuuzwa peke yake sawa vile zile tisa, kwa hiyo iko nje. Na ukitaka kumaliza ubishi kabisa, mutajie Beyoncé: Desemba 2013 alitoa albamu kwa gafla, nyimbo 14 na video 17 siku moja. Kama klipu ingekuwa alama ya singo, albamu nzima ingekuwa singo siku ya kwanza. Lakini lebo ilichagua "XO" na "Drunk in Love" zianze, na zingine zikafuata pole pole.

Ukienda kwa kijana wa kompyuta akuwekee muziki mu flashi, utaona dosye inaitwa "Best" na ndani nyimbo zimechanganyika, klipu, remiksi, nyimbo za jukwaani, bila mwaka wala jina ya albamu. Sikiliza kwa raha yako, lakini usiitumie kama ushahidi.

Chati nayo inadanganyaka siku hizi, na hapa banaanguka hata batu bakubwa. Tangu mtu anaweza kusikiliza wimbo yoyote kwa intaneti, nyimbo zote za albamu mpya zinaweza kuingia mu chati wiki moja. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu yake na nyimbo 16 zikaingia mu 20 za kwanza Uingereza. Je, zilikuwa singo 16? Hapana, zenye balitanguliza zilikuwa "Shape of You" na "Castle on the Hill", zote mbili zilitoka Januari ile ile mwaka, zingine singo zilichaguliwa kisha. Waingereza benyewe baliona chati imejaa mtu mmoja, na mwaka ule ule bakaweka sheria ya kuruhusu msanii nyimbo tatu tu. Kuingia mu chati inasema batu balisikiliza, basi.

Aplikasyo pia usiiamini macho yamefungwa. Kwa Spotify ama Apple Music, neno "single" inaandikwa kwa kila kintu kimetoka na nyimbo moja mpaka tatu, iwe remiksi, iwe wimbo ya jukwaani, iwe ya promo. Tena siku hizi lebo zikitoa singo ya pili zinaiweka na ya kwanza chini yake, ya tatu inabeba zote mbili za nyuma, mtu anahesabu faili na anapata nyimbo moja mara tatu. Angalia tarehe ya kwanza ya kila wimbo, na picha yake.

Remiksi mimi naiwekaka chini ya wimbo yake ya mwanzo. Sisi ba Goma tuko na mfano yetu, "Yope" ya Innoss'B, mtoto wa hapa: ilitoka 2019, na mwaka ule ule ikaja ile na Diamond Platnumz, njo ikasikika Afrika nzima. Hauwezi kuificha hiyo ya pili, ni kazi kubwa, lakini wimbo ni moja, kwa hiyo unaandika "Yope", kisha mustari wa chini unaandika remiksi na jina ya Diamond.

Yenye kuwa ngumu kweli ni nyimbo za promo, zile zinatoka peke yake wiki kidogo mbele ya albamu ili kutuliza bapenzi, bila kupelekwa kwa rediyo na bila kusukumwa. Mu 2019 Taylor Swift alikuwa anatayarisha albamu "Lover", na Julai akatoa "The Archer". Ilitoka peke yake, alama ya kwanza iko, lakini inahesabika promo na haiko mu singo za "Lover". Mimi naziandikaka kwa kikundi chao, chini ya zile za kweli, juu ukizifuta mtu atafikiri haukuzijua.

Na orodha usiifunge na kufuli. Kwa ile ile "Lover" kulikuwa wimbo inaitwa "Cruel Summer", bapenzi balikuwa banailia tangu Agosti 2019, na kwa miaka karibu ine jibu sahihi ilikuwa "haiko singo". Juni 2023 ikapelekwa kwa rediyo, na Oktoba ikafika namba moja Marekani. Kwa hiyo pembeni ya kila orodha andika mwezi na mwaka wenye uliikagua, na kwa wimbo yenye imechelewa weka tarehe mbili, ya albamu na ya singo, ili mwenye atakuja nyuma yako asifikiri zilitoka pamoja.