Polima inavyobadili uzeekaji wa udongo kwenye maji: namna ya kupima

Udongo laini ukikaa kwenye maji huzeeka, yaani huganda taratibu kadiri muda unavyopita. Juzi nimemsaidia mwanafunzi ambaye chupa zake mbili za mchanganyiko huo, vipimo vilevile, zilimpa majibu mawili. Aliilaumu polima (minyororo ya molekuli) aliyoongeza, kumbe tatizo lilikuwa saa.

1. Kausha unga wa Laponite (udongo wa kutengenezwa, wenye chembe kama visahani) saa 4 kwa nyuzi 120 za Selsiasi. Hunyonya unyevu wa hewa, na usipoukausha, asilimia 3 ya udongo uliyopanga si 3.

2. Tengeneza maji ya pH 10 (yenye alkali) kwa sodiamu haidroksaidi. Ziba chupa.

3. Yeyusha poliethilini oksidi, ndiyo polima yetu, peke yake, usiku kucha, kwa kukoroga polepole. Blenda isiisogelee: minyororo mirefu hukatika.

4. Changanya, uanze kuhesabu. Hapa usiharakishe. Udongo hauanzi kuzeeka unapouweka kwenye reometa (kifaa cha kupima ugumu na utiririkaji). Huanza unapogusana na maji. Mimi niliwahi kupoteza wiki nzima nikilinganisha sampuli ya jana na ya asubuhi ileile, nikidhani naona kazi ya polima. Nyunyiza unga kidogo kidogo, koroga nusu saa hadi maji yawe angavu, kisha pitisha kwenye kichujio cha mikroni 0.45 ili mabonge yavunjike. Tone la mwisho likitoka, bonyeza saa, ili kila chupa ihesabiwe kutoka sifuri ileile. Polima iingie baada ya kuchuja, kwa dakika ileile katika kila chupa. Ukiitanguliza, minyororo mirefu inaweza kukwama kwenye kichujio. Na chupa isiyo na polima iongezewe maji ya pH 10 kwa ujazo uleule, la sivyo udongo wake ni mzito zaidi na utaganda mapema kwa sababu hiyo tu. Tena, usitegemee kutikisa ili kuirudisha sampuli mwanzo: jeli hulainika, lakini sehemu ya umri hubaki.

5. Pima kwenye reometa kwa mtikisiko mdogo, sampuli zote zikiwa na umri mmoja. Funika ukingo kwa mafuta ya silikoni, maji yasikauke.

6. Kusoma matokeo: minyororo mifupi hujibandika kwenye nyuso za visahani, ikavizuia kukaribiana, na kuganda kukachelewa. Mirefu huweza kushika visahani viwili kwa pamoja, kama kamba. Basi usiandike “polima huchelewesha” bila kutaja urefu wa mnyororo na kiasi ulichoweka.