Kabla hujapigwa picha ya goti kwa sababu ya pia inayouma

Kama maumivu yako mbele ya goti, nyuma ya pia, yaani kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti, au kuizunguka, na yanazidi ukishuka ngazi, ukichuchumaa au ukikaa muda mrefu umekunja goti, usikimbilie picha. Anza na mtu atakayekushika goti. Maumivu ya aina hiyo hutambuliwa zaidi kwa maelezo yako na kwa vidole vya anayekupima. Picha inaweza kutoka safi ilhali goti linauma kwelikweli. Ikitoka safi, usikubali kuambiwa unajizulia.

Vaa kaptula. Anayekupima anatakiwa akuone umesimama, unatembea, na unachuchumaa, miguu yote miwili wazi. Akimaliza goti, mwombe apime na nyonga. Ugonjwa wa nyonga unaweza kuuma gotini, na kwa mtoto anayekaribia kubalehe hilo si la kupuuza hata kidogo: kichwa cha fupa la paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake, mtoto akalalamikia goti tu, na picha ya goti isionyeshe kitu.

Beba picha za zamani. Sema kama una mimba. Kama ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, taja kifaa cha moyo, klipu iliyowekwa kichwani kwa upasuaji, au kipande cha chuma kilichowahi kukuingia jichoni.

Sasa sikiliza hili kwa makini: uliza picha itapigwa kutoka upande gani. Eksirei nyingi za goti ni mbili, ya mbele na ya ubavuni. Ya mbele huionyesha pia ikiwa imelaliana na fupa la paja, kwa hiyo mengi hufichika. Ya ubavuni husaidia kujua kama pia imekaa juu mno: urefu wa ukano, ile kamba ngumu iliyo chini ya pia, hugawanywa kwa urefu wa pia yenyewe, na jibu likizidi 1.2 kwa kawaida huhesabiwa kuwa iko juu. Lakini namna pia inavyokaa kwenye mfereji wake, ulio mwisho wa fupa la paja, huonekana vizuri kwa picha ya tatu, inayopigwa kwa kufuata mstari wa mfereji goti likiwa limekunjwa. Na likunjwe kiasi. Pia huanza kuingia mferejini goti linapofika nyuzi 20 hadi 30. Ukilikunja hadi 90, hata pia yenye tabia ya kuhama inaweza kuonekana imetulia.

Mdogo wangu aligeuka ghafla uwanjani, mguu ukiwa umekita chini. Pia ikachomoka upande wa nje na kurudi yenyewe kabla hajainuliwa. Goti lilivimba jioni ileile, na uvimbe wa haraka hivyo mara nyingi ni damu ndani ya kiungo. Tulipofika kituoni alipigwa zile picha mbili, tukaambiwa mifupa ni mizima, akapewa dawa za maumivu. Hakuna aliyemgusa goti. Hakuna aliyemuuliza kama pia ilitoka. Tukawa tunarudi na kurudi, goti linaachia kwenye ngazi, siku nyingine linakwama katikati halinyooki, na kila mara zinarudiwa picha zilezile mbili na jibu lilelile.

Aliyetufumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Alimlaza, akamwambia alegeze paja, kisha akaisukuma pia taratibu kwa kidole gumba kuelekea nje. Mdogo wangu akamdaka mkono kabla hata maumivu hayajaanza. Woga ule ulikuwa jibu tosha. Ikaombwa picha ya tatu, ikaonyesha mfereji wenye kina kifupi. MRI ikaonyesha ukano wa upande wa ndani umechanika na kipande cha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kimebanduka, kinaelea ndani ya goti. Ndicho kilichokuwa kinalikwamisha. Kikiwa kibichi huenda kingerudishwa mahali pake. Kufikia hapo kilikuwa hakifai tena, kikatolewa.

Kwa hiyo soma karatasi ya ombi kabla ya kuingia chumba cha picha. Iandikwe kwamba pia ilitoka, au unahisi kama inatoka. Na majibu yakisema hakuna mvunjiko, jua ni mvunjiko tu uliojibiwa. Kuchanika kwa ukano na kuumia kwa gegedu kwa kawaida havionekani kwenye eksirei.

Usishtuke ukiambiwa pia yako imekatika kona ya juu upande wa nje na hukumbuki kuumia. Kuna watu ambao kipande hicho hakikuungana walipokuwa wanakua, na kingo zake huwa laini. Vilevile MRI huweza kuonyesha gegedu lililochakaa kwa mtu asiyeumwa chochote, kwa hiyo usikubali upasuaji kwa karatasi peke yake.

Usisubiri miadi kama umeumia na huwezi kuuinua mguu ukiwa umenyooka, au huwezi kupiga hatua nne, au goti halikunji hadi nyuzi 90. Goti la moto lenye homa nalo ni la leoleo. Njiani liegemeze, usilifunge kwa kulikaza, na usimruhusu yeyote alivute au alikande, hata kama ni mzee mnayemwamini nyumbani.