Namna ya kusoma bajeti ya uchukuzi ya jimbo la Minnesota kwa kuzingatia malengo ya tabianchi

Uchukuzi ndiyo sekta inayotoa gesijoto nyingi kuliko nyingine yoyote nchini Marekani, na hali ni hiyo hiyo katika jimbo la Minnesota. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 inalitaka jimbo lipunguze gesi hizo kwa nusu ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango cha mwaka 2005, na lifikie sifuri halisi, yaani gesi yoyote itakayobaki ifidiwe kwa kuondoa kiasi kama hicho hewani, ifikapo 2050. Idara ya Uchukuzi nayo imejiwekea lengo la kupunguza umbali wa safari za magari kwa kila mkazi kwa asilimia 14 ifikapo 2040 na asilimia 20 ifikapo 2050. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi yeyote anayetaka kujua kama fedha zinafuata malengo hayo, wakiwemo Wakenya na wasemaji wengine wa Kiswahili walio wengi katika mji wa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis.

Unapoifungua bajeti, usianze na jumla kuu, kwa sababu haitakueleza lolote. Anza na vyanzo vya mapato, kisha ujiulize kila chanzo kinaruhusiwa kulipia nini. Kifungu cha 14 cha Katiba ya Minnesota kinaagiza kwamba kodi ya mafuta na ada za usajili wa magari zitumike kwa barabara peke yake, na kinataja hata mgawanyo wake. Chukua dola 100 zilizoingia katika mfuko wa kodi na ada hizo. Dola 5 huwekwa kando, na Bunge la Jimbo huweka utaratibu wa kuzigawa kwa shughuli za barabara. Katika dola 95 zinazobaki, asilimia 62, yaani dola 58.90, huenda kwa barabara kuu za jimbo. Asilimia 29, yaani dola 27.55, huenda kwa barabara za kaunti. Na asilimia 9, yaani dola 8.55, huenda kwa mitaa ya miji yenye wakazi zaidi ya 5,000. Hakuna hata senti moja ya kumlipa dereva wa basi. Kwa hiyo mwananchi anayemwandikia mbunge wake akitaka kodi ya mafuta iendeshe mabasi anaomba jambo ambalo mbunge huyo hana mamlaka ya kulitoa bila kura ya wananchi ya kurekebisha katiba.

Fedha za usafiri wa umma zina njia zake. Marekebisho ya katiba yaliyopigiwa kura mwaka 2006 yaliagiza kwamba angalau asilimia 40 ya kodi ya mauzo ya magari iende kwa usafiri wa umma. Mwaka 2023 ikaongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 0.75 katika kaunti saba za eneo la Minneapolis na St. Paul, ambayo sehemu yake kubwa hupokelewa na Metropolitan Council, chombo kinachosimamia mabasi na treni za mjini, na iliyobaki hupewa kaunti. Hicho ndicho chanzo cha kufuatilia kwa karibu kuliko vyote, kwa kuwa ni kipya, ni kikubwa, na matumizi yake bado yanajadiliwa. Usidanganyike na tozo ya senti 50 kwa bidhaa za dola 100 na zaidi zinazopelekwa hadi nyumbani: wengi huidhani ni tozo ya mazingira, ilhali sehemu yake kubwa hurudi katika barabara za kaunti na za miji.

Ukishajua fedha zinatoka wapi, fungua orodha ya miradi ya miaka minne inayoitwa STIP, ambayo huhuishwa kila mwaka. Hapa ndipo panapohitaji subira. Kila mradi una namba, barabara, maelezo mafupi, mwaka na mgawanyo wa fedha. Kwa kawaida serikali ya shirikisho hutoa asilimia 80 na wenyeji hujazia 20. Soma safu ya maelezo neno kwa neno. Mradi wa kubadilisha lami au kukarabati daraja hauongezi nafasi ya magari, lakini mradi unaotaja njia ya ziada au makutano mapya ya barabara zinazopishana juu na chini huongeza. Barabara iliyopanuliwa huvutia safari ambazo awali hazikuwapo, na safari hizo ndizo ambazo lengo la asilimia 20 linataka zipungue. Miradi ya lami nayo usiipite kwa haraka. Barabara inapochimbwa ndipo kuongeza njia ya waenda kwa miguu, kivuko salama au kituo cha basi chenye kinga ya theluji huwa nafuu, na nafasi hiyo ikipita huenda isirudi kwa miaka mingi.

Kwa miradi ya kupanua barabara kuu, sheria ya 2023, iliyorekebishwa baadaye, inadai tathmini ya gesijoto kabla mradi haujaingizwa katika orodha. Mradi usiopatana na malengo unapaswa kubadilishwa, kufidiwa kwa hatua nyingine kama vile usafiri wa umma au upandaji miti, au kusimamishwa. Omba kuiona tathmini yenyewe, na uangalie fidia hiyo italipwa na mfuko gani.

Fedha za shirikisho zina uhuru mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya miundombinu iliyosainiwa tarehe 15 Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 6.4 kwa miaka mitano kwa ajili ya mpango wa kupunguza hewa ya ukaa, na majimbo yanaruhusiwa kuhamisha hadi nusu ya fedha kutoka programu moja ya barabara kwenda nyingine. Uhamisho unaweza kuelekea upande wowote, hivyo ulizia kila mwaka kiasi gani kimehamishwa na kimepelekwa wapi.

Nilihudhuria kikao cha maoni kwa mara ya kwanza nikiwa na hoja nzuri, nikaambiwa kwa upole kwamba mradi ulikuwa umeshaingia katika orodha miaka miwili nyuma. Kwa hiyo wahi rasimu ya orodha hiyo, na uwahi pia mikutano ya vikundi vya kanda vinavyopendekeza miradi. Unapoandika maoni, taja namba ya mradi na ukurasa wake, eleza badiliko moja unalolitaka, onyesha mfuko unaoruhusiwa kuligharamia, kisha uombe jibu la maandishi. Bajeti ya jimbo ni ya miaka miwili, hupitishwa katika miaka witiri na kuanza tarehe 1 Julai. Barua kwa mbunge inafaa imfikie Januari, kikao kinapofunguliwa, kabla kamati hazijafunga mahesabu yake.